Ulinzi wa Mashua na Injini Ziwani, na Njia ya Kuzirejesha Zikiibwa

Mtu afanyaye kazi ya uvuvi katika ufuo wa Kenya wa Ziwa Viktoria, awe ni wa Dunga karibu na mji wa Kisumu, au wa Asembo, au wa Kendu Bay, au wa Usenge, au wa visiwa vya Mfangano na Remba, aghalabu hana milki yenye thamani kubwa kuliko injini iliyofungwa katika tezi ya mashua yake. Na injini hiyo hiyo, kwa kuwa hufunguliwa kwa dakika chache na kuchukuliwa begani, ndiyo mali iliyo rahisi kuibwa kuliko zote alizo nazo. Ikiibwa, hasara haimpati yeye peke yake. Mabaharia wanaokula kwa jasho la mashua ile hukaa bila kazi, akina mama wanaongojea samaki ufuoni hurudi nyumbani na beseni tupu, na karo ya watoto iliyotegemewa kulipwa mwisho wa mwezi hugeuka kuwa deni.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye mashua, baharia wake, na viongozi wa kamati za usimamizi wa ufuo ambazo sote huziita BMU. Maana yake yote yamo katika jambo moja: injini iliyoibwa hurudi kwa mwenyewe kwa ushahidi alioutayarisha siku ambazo hapakuwa na wizi wala hofu ya wizi. Mbio, kelele, fedha na hasira zina nafasi ndogo sana katika kuirejesha. Na wengi waliopoteza mali zao kabisa hawakushindwa kuiona, walishindwa kuithibitisha. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hilo ndilo sheria ya kwanza ya ziwani.

Njia za mwizi

Wizi wa ziwani una namna tatu, na kila namna ina hadhari yake. Ya kwanza ni wizi wa kimya, ufanywao usiku wakati mashua zimelala ufuoni na mlinzi amelemewa na usingizi. Ya pili ni wizi wa amana, yaani ule ufanywao na mtu uliyemkabidhi mali mwenyewe: baharia aliyeajiriwa jana bila kuulizwa atokako, au fundi aliyeachiwa injini bila hati. Ya tatu ni unyang'anyi wa katikati ya maji, ambapo watu wenye silaha huizingira mashua, huwaamuru mabaharia wainamishe vichwa, kisha hufungua injini na kuzichukua nyavu.

Kuna nyakati ambazo hatari huzidi. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili samaki wapate kuzaa, na mashua nyingi huvutwa nchi kavu zikakaa miezi minne bila wa kuzitazama kila siku. Usiku wa matanga, ufuo mzima unapokwenda kumlilia marehemu kijiji cha pili, ni wakati mwingine autazamiao mwizi. Mwenye busara huyaweka maarifa haya katika zamu za ulinzi, akaongeza walinzi pale ambapo watu wamepungua.

Kadhalika, ujue sura ya maji yako. Ziwa lote lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na katika hizo Kenya ina asilimia 6 tu; mwizi akifika maji makuu amekwisha kuwa karibu na Uganda na Tanzania. Lakini Ghuba ya Winam, ambayo Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay ziko kandokando yake, ina mlango mmoja mkuu wa kutokea, nao ni ule mkondo ulio baina ya Uyoma na kisiwa cha Rusinga, ambapo Luanda Kotieno na Mbita hutazamana. Kilichoibwa kwa njia ya maji ndani ya ghuba ama kitapita mkondo ule, ama kitapandishwa nchi kavu kabla ya kuufikia na kuendelea kwa barabara. Hayo ndiyo yanayofanya simu ya mapema kwa watu wa Luanda Kotieno na Mbita iwe na faida kuliko mashua kumi zinazozunguka gizani bila kujua ziendako.

Alama mbili, moja ya wazi na moja ya siri

Katika Marekani, mashua zinazotoka viwandani zimelazimishwa na sheria tangu mwishoni mwa mwaka 1972 kuchukua nambari ya herufi na tarakimu 12 katika tezi; na zilizoundwa baada ya Agosti 1984 hubeba nambari hiyo hiyo mara ya pili, mahali pasipoonekana, ili mwenye kuikwangua ya kwanza afichuliwe na ya pili. Mashua zetu hazitoki kiwandani. Seremala huziunda ufuoni kwa mbao, msumari kwa msumari, na hapana nambari inayozaliwa pamoja nazo. Kwa hiyo ni juu ya mwenyewe kuzipa.

Nambari ya usajili inayopakwa rangi karibu na omo ni alama ya wazi, na lazima iwepo, kwa sababu ndiyo isomwayo na maofisa wa uvuvi na walinzi wa maji. Rangi, hata hivyo, huondoka kwa msasa na kopo la rangi nyingine katika asubuhi moja. Basi siku mashua inapoundwa, au inapopandishwa kuzibwa kalafati, chukua patasi uchonge nambari hiyo hiyo ndani, katika taruma mojawapo lililofunikwa na mbao za kukanyagia, na uichonge kwa kina cha kutosha ili rangi isiizibe. Taruma lenyewe lijulikane na wewe na katibu wa BMU, asilijue mwingine.

Kazi ya injini ni kubwa zaidi. Bamba lenye nambari ya kiwandani aghalabu limo katika chuma cha kubania injini na ubao wa tezi, na ndilo la kwanza kung'olewa na mwizi. Ukifungua kifuniko, katika injini nyingi utaiona nambari hiyo tena, imegongwa juu ya kizibo kidogo cha mviringo katika bloku yenyewe. Zinakili nambari zote mbili herufi kwa herufi, uzipige picha mchana, na umsomeshe mtu wa pili ili ahakikishe kwamba hukuikosea 8 ukaifanya 3.

Baada ya hapo gonga alama yako mwenyewe. Azima kwa fundi wa vyuma vile vipande vya kugongea herufi, chagua alama fupi, kwa mfano herufi mbili za ufuo wako na tarakimu za mwisho za usajili wa mashua, na uigonge katika sehemu zinazoweza kutenganishwa: ndani ya kifuniko, chini ya mkono wa usukani, katika chuma cha kubania, katika gia ya chini, na katika kitovu cha rafadha. Haja ya kugawa alama hivi ni kwamba injini iliyoibwa haiuzwi nzima siku zote. Kifuniko huenda kwa mmoja, gia ya chini kwa mwingine, na rafadha huning'inia dukani peke yake. Usigonge juu ya bloku wala silinda, usigonge karibu na mahali panapoingia mafuta, na usiyaguse kamwe mabawa ya rafadha, kwa maana bawa lililopungua uzito upande mmoja litaitetemesha injini mpaka liharibu kile ulichotaka kukilinda.

Nyavu nazo huibwa, na hazina nambari. Fundo la pekee katika kamba ya maboya, au uzi wa rangi usio wa kawaida ulioshonwa kila baada ya hatua kadhaa, umewahi kutosha kumtofautisha mwenye mali na mwenye madai. Taa, betri na tangi la mafuta zichorwe alama ile ile uliyoigonga katika injini.

Daftari

Alama bila maandishi ni nusu ya ushahidi. Fungua daftari moja la mali ya mashua, na katika ukurasa wa kila kitu uandike jina lake, rangi, nguvu ya injini, nambari za kiwandani, alama ulizogonga na mahali zilipo, siku uliyonunua, bei, na jina la muuzaji. Andika pia makovu: kifuniko kilichopasuka upande wa kushoto, bolti iliyobadilishwa, rangi iliyomwagika. Makovu hayo utayaona duni leo, lakini mbele ya hakimu yatakuwa na uzito mkubwa.

Stakabadhi ya dukani itunzwe kama hati ya shamba. Ikiwa ulinunua injini kwa mtu, iwepo hati ya mauziano yenye sahihi zenu, nakala za vitambulisho vyenu viwili, na shahidi mmoja wa kila upande. Na iliyo aula ni hati hiyo kuthibitishwa na BMU ya ufuo wa muuzaji. Nakala moja ya haya yote iwe nyumbani, ya pili katika ofisi ya BMU, na picha zake ziwe katika simu ya ndugu asiyekaa ufuoni, kwa sababu wanyang'anyi wa majini hawaachi simu, na nyumba za ufuoni huungua.

Viongozi wa BMU hawana haja ya kungoja amri mpya. Kanuni za mwaka 2007 zilizowapa nafasi rasmi zilikusudia wawe na rejista ya wanachama na mashua zao. Waongeze safu mbili tu katika rejista hiyo, moja ya nambari ya injini na moja ya alama ya siri, safu ya pili ikitunzwa katika kitabu kinachofungiwa. Fauka ya hayo, pasiwe na baharia mgeni atakayepanda mashua kabla jina lake, nakala ya kitambulisho chake, na jina la mtu wa kumdhamini hayajaandikwa.

Kufunga na kulinda

Injini ya nguvu 15 ina uzito wa kilo 35 hivi, na mtu mmoja mwenye afya huibeba. Ile ya nguvu 40 hupita kilo 70 na huchukuliwa na wawili kwa mti. Desturi ya kale ya kuiondoa injini jioni na kuilaza katika banda lenye mlinzi ingali bora kuliko kufuli lolote, wala usiiache kwa uvivu. Pale ambapo haiondoleki, usitegemee skrubu mbili za kubania peke yake. Pitisha bolti mbili katika ubao wa tezi, nati zake ziwe upande wa ndani. Weka kufuli la chuma linaloziba mikono ya skrubu zote mbili pamoja. Kisha uzungushe mnyororo kutoka injini hadi pete iliyopigiliwa katika taruma, maana mnyororo uliofungwa katika ubao laini huondoka na ubao wake. Ondoa mpira wa mafuta na plagi, uende nazo nyumbani. Mwizi hataki kubeba kilo 70 ambazo hawezi kuziwasha.

Kifaa cha kufuatilia, kinachotumia kadi ya simu, chaweza kufichwa katika mashua mahali pakavu na mbali na joto la injini. Faida yake ina mpaka: katikati ya ziwa, mbali na minara, hunyamaza. Lakini hakuna mashua iliyoibwa isiyotua mahali, na inapoukaribia ufuo wenye mtandao kifaa kitatoa habari, maadamu betri yake ilikuwa hai.

Wenye mashua za kuvutwa kwa gari, za matembezi na za mashindano, wana mzigo wa pili, nao ni trela.  Mwizi akiiunganisha na gari lake, mashua na injini yake huweza kupotea usiku mmoja, kwa lami. Trela ya Kenya husajiliwa na mamlaka ya usafiri, NTSA, kwa kibao kinachoanza kwa herufi Z, na hati yake ya umiliki ni ushahidi mzuri kuliko wowote; basi usiiache bila usajili kwa kudhani ni kipande cha chuma tu. Gonga nambari katika fremu mahali pawili, funga kiungo cha kuvutia kwa kufuli, na ikiwa italala muda mrefu, ondoa gurudumu moja uliweke ghalani.

Saa za kwanza

Ukiamka ukakuta mashua haipo, jambo la kwanza ni kujua kama imeibwa au imekwenda yenyewe. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mashua iliyokatikiwa na amari huelea kwenda nje. Alasiri upepo wa ziwa hurudi kuelekea Kisumu na pwani za mashariki ya ghuba. Yatazame magugu maji nayo, kwa sababu pale yanaposukumwa na upepo mashua tupu husukumwa pamoja nayo na kufungwa katikati yake, isionekane mpaka mtu asimame mahali pa juu. Angalia ncha ya kamba iliyobaki: iliyokatwa kwa kisu ina mkato mmoja safi, na iliyochakaa ina nyuzi ndefu zisizolingana. Ipige picha kabla watu hawajaishika.

Ikiwa ni wizi, fanya mambo haya kwa utaratibu. Mpigie mwenyekiti wa BMU yako, naye awapigie wenzake wa fuo jirani na wa mlango wa ghuba, akiwasomea nambari na alama kutoka katika rejista. Nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo, uchukue daftari lako, na uhakikishe kwamba taarifa yako imeandikwa katika kitabu cha matukio pamoja na nambari ya kiwandani, kisha uondoke na nambari ya OB. Kuandikiwa taarifa hiyo hakuna malipo. Wajulishe Walinzi wa Pwani, ambao sheria ya mwaka 2018 iliwapa kazi ya ulinzi wa maji ya nchi, ziwa likiwa miongoni mwake, na ofisi ya uvuvi iliyoisajili mashua. Mwisho wapelekee mafundi wa injini na wauza vipuri wa Kisumu, Homa Bay, Mbita na Busia karatasi yenye picha na nambari. Injini iliyoibwa huhitaji fundi karibuni, na fundi mwaminifu aliyepewa nambari mapema ni mlinzi usiyemlipa.

Ikiwa ulinyang'anywa majini, usipigane. Injini hununuliwa tena, roho hainunuliwi. Tumia utulivu wako kuyashika yatakayofaa baadaye: saa, rangi ya mashua yao, nambari ikiwa ipo, idadi yao, lugha waliyosema, na upande walioelekea. Kila baharia ayaseme aliyoyaona peke yake kabla hamjazungumza pamoja, kwani mazungumzo huwafanya wote wakumbuke kitu kimoja, hata kile ambacho hakikuwapo.

Tangazo la bakhshishi liandikwe kwa hadhari. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inakataza kutangaza zawadi kwa atakayerudisha mali iliyoibwa huku ukiahidi kwamba hataulizwa neno wala hatakamatwa. Mwenye mali aweza kujikuta yeye ndiye mkosaji. Andika kwamba atakayetoa habari zitakazowawezesha polisi kuipata injini atatunzwa, na useme hapo basi. Vivyo hivyo, atakapokuja mtu kati, mpole wa maneno, akidai kwamba anawajua wanaowajua, na kwamba kwa kiasi fulani injini italetwa usiku, usimpe kitu. Fedha hiyo ndiyo bei ya injini itakayoibwa mwezi ujao, na huenda ikawa yako tena. Yachukue maneno yake na nambari yake ya simu, uyapeleke kwa afisa wa upelelezi anayeshika shauri lako.

Ikivuka mpaka

Maji hayana ukuta, na mali ya Muhuru huonekana upande wa Mara, na ya Port Victoria upande wa Busia ya Uganda. Ukipata habari kwamba injini yako iko ng'ambo, tamaa ya kwanza itakuwa kuwakusanya vijana na kwenda kuichukua. Usifanye hivyo. Wavuvi wa Kenya wamekamatwa mara nyingi katika maji ya jirani, na Uganda tangu mwaka 2017 imeliweka jeshi lake katika ulinzi wa uvuvi. Aliyekwenda kudai injini moja aweza kupoteza mashua, nyavu na uhuru wake.

Njia ni mbili, nazo huenda pamoja. Ya serikali hupitia kwa wapelelezi wa DCI, ambao wana mawasiliano na polisi wa nchi jirani kwa njia ya Interpol na ya umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika ya Mashariki. Wape nakala ya stakabadhi, nambari ya OB na picha za alama. Ya pili ni ya ufuo kwa ufuo. Fuo za Uganda na Tanzania nazo zina viongozi wao, na nchi zote tatu ziko chini ya mwavuli wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo mkataba wake ulitiwa sahihi hapa Kisumu tarehe 30 Juni 1994 na makao yake yako Jinja. Mwenyekiti aandikapo kwa mwenyekiti mwenziwe, kwa adabu na kwa nambari kamili, injini hushikwa mahali ilipo mpaka polisi wafike. Viongozi wanaongoja wizi ndipo wajuane na jirani zao huwa wamechelewa. Wabadilishane simu zao sasa.

Ikionekana

Siku injini yako itakapoonekana katika tezi ya mashua ya mtu mwingine, ndipo daftari litakapolipa gharama yake. Usiifungue. Usimguse aliye nayo. Iangalie, uhakikishe alama, uwaite polisi pamoja na viongozi wa BMU, nao waikague mbele ya mashahidi. Sheria humruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini humwajibisha kumkabidhi kwa polisi bila kukawia.

Hapa nasema kwa uzito wote. Katika fuo zetu watu wamepigwa na kuchomwa moto kwa tuhuma ya wizi, na baadhi yao hawakuwa wezi. Kumuua mtuhumiwa ni uuaji, na wanaoutenda hushitakiwa kwa uuaji. Tena hata ukiweka dini na utu kando, jambo usilopaswa kuliweka kando kamwe, maiti haisemi ni nani aliyeinunua injini ya kwanza, wala ya pili wala ya tatu. Na mtuhumiwa akifikishwa mahakamani katika saa 24, kisha akapewa dhamana, usiharakishe kusema kwamba haki imeuzwa: Katiba inampa haki hiyo, na inakupa wewe haki ile ile siku utakayosingiziwa.

Mahakama ya Rufaa, katika hukumu ya mwaka 2006 ambayo mahakama za chini huirejea mara kwa mara, iliyataja mambo manne ambayo yapasa kuthibitika kabla mtu hajahukumiwa kwa kukutwa na mali iliyoibwa karibuni: kwamba ilikutwa kwake, kwamba imetambuliwa kwa yakini kuwa ni ya mlalamikaji, kwamba iliibwa kwa mlalamikaji huyo, na kwamba haujapita muda mrefu tangu iibwe. Jambo la pili ndilo linalowaangusha wengi. Wakili atasimama na kuuliza: "Mzee, injini za rangi hii na za nguvu hii ziko ngapi katika ziwa hili?" Mwenye mali asiye na alama hujibu kwamba anaijua tu, na shauri huyumba. Mwenye alama husema: "Mheshimiwa, naomba kifuniko kifunguliwe, upande wa ndani zimo herufi mbili na tarakimu tatu nilizozigonga, nazo zimeandikwa katika rejista ya ufuo miaka miwili kabla ya wizi." Kifuniko kikifunguliwa na herufi zikasomwa, hapana tena la kubishaniwa.

Kuipokea na kuihuisha

Injini iliyopatikana huwekwa na polisi kuwa kielelezo, na kesi yaweza kuchukua muda mrefu ilhali wewe unahitaji kula. Mwombe mwendesha mashtaka ailete mbele ya hakimu mapema, ipigwe picha, nambari na alama zake ziandikwe, kisha ukabidhiwe kwa ahadi ya maandishi kwamba utaileta itakapohitajiwa. Mahakama ina uwezo wa kuamuru mali irudishwe kwa mwenyewe. Lakini mara nyingi haitaamuru lisiloombwa.

Wezi wanaofukuzwa huzitupa injini majini, na nyingine hufichwa humo makusudi. Injini iliyotolewa majini huharibika zaidi kwa hewa kuliko kwa maji, kwa maana kutu huanza pale inapokutana na hewa. Kwa hiyo, ikiwa fundi hayuko tayari, iache ndani ya maji safi, au uitie katika pipa la maji, mpaka atakapofika. Akifika, aioshe matope yote, aondoe plagi, aielekeze matundu chini, avute kamba taratibu ili maji yatoke, kisha atie mafuta ya injini katika silinda na kuvuta tena. Asafishe kabureta na kubadilisha mafuta yote. Kama mchanga umeingia ndani, au ikiwa ilizama huku ikizunguka na kamba sasa ni nzito, asiilazimishe: aifungue kwanza. Ikikubali, iwashwe siku hiyo hiyo na iendeshwe mpaka ipate joto la kutosha kuukausha unyevu wote.

Neno kwa mnunuzi

Hakuna aibaye injini ili aitazame. Huiba kwa sababu anamjua mtu atakayeinunua kwa nusu ya bei bila kuuliza, na sheria yetu imelijua hilo tangu zamani: wizi wa kawaida una adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 3, lakini mwenye kupokea mali ya wizi, huku akijua au akiwa na sababu ya kujua kwamba imeibwa, aweza kufungwa mpaka miaka 14. Tena alichokinunua si chake, maana mwizi hana milki ya kumhamishia. Itarudi kwa mwenyewe, na fedha zake hazitarudi.

Basi kabla hujalipia injini iliyokwisha tumika, fungua kifuniko ulinganishe nambari mbili. Tazama kama bamba limeng'olewa au ripiti zake ni mpya kuliko chuma chake. Omba stakabadhi ya kwanza na hati kutoka BMU ya muuzaji, umpigie mwenyekiti wake kwa simu mbele yake, na akisita, uondoke. Na wewe kiongozi wa ufuo, katika mkutano wenu ujao peleka pendekezo moja lipitishwe na kuandikwa: kwamba injini yoyote iingiayo ufuoni, mpya au ya zamani, haitafungwa katika tezi ya mashua mpaka nambari yake iwe imeandikwa katika rejista mbele ya watu wawili. Fuo kumi zikikubaliana hivyo kutoka Dunga hadi Usenge, mwizi atabaki na kilo 70 za chuma asizoweza kumuuzia mtu.